Kanisa kama Tanzia: Kumbukumbu ya Wauguzi wa Christchurch

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa jengo nalo laweza kusomwa kama tanzia. Kwa kawaida, tanzia humtaja marehemu, hueleza kifo chake na kuwaliwaza waliosalia. Kanisa dogo la wauguzi katika Hospitali ya Christchurch, New Zealand, lililojengwa mwaka wa 1927, linatekeleza majukumu hayo.

Kwanza, linawataja marehemu. Wauguzi watatu wa hospitali hiyo walikufa tarehe 23 Oktoba 1915, meli ya Marquette ilipozamishwa na nyambizi ya Kijerumani katika Bahari ya Aegean. Fauka ya hao, linawakumbuka wenzao wawili waliofariki katika janga la mafua la mwaka wa 1918.

Pili, linaliwaza. Mwangaza huingia kupitia vioo vya rangi vya msanii Veronica Whall, ukawafikia wanaosali karibu na wagonjwa wao.

Hata hivyo, maliwazo yaweza kufunika swali. Marquette haikuwa meli ya hospitali. Ilibeba askari na zana za vita, hivyo ilikuwa shabaha ya adui. Kuwaita wauguzi hao mashujaa, tukakomea hapo, ni kumwondolea lawama aliyewapangia safari.

Kanisa hilo liliharibiwa na matetemeko ya ardhi ya 2010 na 2011, likakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka wa 2018. Basi msomaji wa tanzia asiishie kuomboleza; aulize pia msiba ulisababishwa na nani.