Lumbesa na nia njema

Viazi mviringo vikikomaa Isongole au Kilolo, dalali hufika shambani na maneno matamu: "Mama, sisi ni watu wa nyumbani, tuaminiane." Gunia linajazwa hadi mdomoni, linashonewa kipande cha gunia jingine juu, linasukwa kamba mpaka linatoka kichuguu, na bei inabaki ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Likibeba 130, mkulima kagawa kilo 30 bure.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inapima nia njema kwa uaminifu: aliyetenda kwa uaminifu ana nia njema, hata kama alizembea. Basi dalali ambaye mizani yake imeharibika bila yeye kujua si tapeli. Kilo zilizopungua zinadaiwa vilevile, wala usione haya kuzidai. Anayejua ni mbovu na bado akaitumia, huyo ndiye tapeli.

Kubalianeni bei kwa kilo, na mzigo upimwe kabla ya kupakiwa. Tafuta kwenye mizani stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, kisha hakikisha inasoma sifuri ikiwa tupu. Una shaka? Weka mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Dalali mwenye nia njema hakasirishwi na mizani, anayesema "kwani huniamini?" mara tatu, mimi nisingemuuzia.

Mkulima naye asijifanye malaika. Pale Ilula matenga ya nyanya hupangwa nzuri juu, zilizopondeka chini, na mnunuzi anagundua akiwa mbali. Viazi vyako vikiwa vimepigwa jua vikawa kijani, sema mapema na mpunguze bei. Kunyamazia kasoro unayoijua si uaminifu, hata kama hakuna aliyekuuliza.

Mkimaliza, andikeni tarehe, kilo, bei na namba ya gari, wote wawili mtie saini. Daftari la shule linatosha. Ukilazimishwa lumbesa, nenda ofisi ya Wakala wa Vipimo, Mbeya au Iringa, au mwambie mtendaji wa kijiji, kabla fuso halijaondoka. Viazi vikishamwagwa sokoni Dar es Salaam, hakuna tena gunia la kupima.