Umri ukionekana umepita bure, shika tarehe iliyo karibu

Mtu wa miaka hamsini na kitu akikaa ufukweni Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, kuhesabu alichopoteza, mara nyingi hesabu yake ni sahihi. Pombe ilikula fedha za samaki, nyavu zikauzwa, watoto wakakua bila yeye. Wengine hawakupoteza kwa hiari: katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa wilayani humu mwaka 2018, wapo waliovuka kutoka Kongo wakaacha mashamba ya ujana wao. Sitamwambia yeyote kati yao kwamba miaka hiyo haikupotea. Imepotea, na tumaini linalokutaka uikane hasara yako halidumu hata wiki.

Acha kujiuliza utaifidiaje miaka ishirini. Swali hilo halina jibu, na kila ukilirudia linakula siku nyingine. Jiwekee jambo lenye tarehe, lililo karibu, lisilokungoja uwe mtu mwema kwanza.

Hapa kalenda ipo tayari. Kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru ili samaki wazaliane. Kwa mwenye majuto, hiyo ni miezi ya hatari: mikono haina kazi na mawazo hayalali. Lakini ndiyo miezi ya mvua pia. Basi Novemba, fedha zingali mkononi, nunua au omba vipando vya mihogo. Lima kipande unachoweza kukipalilia peke yako, hata kikiwa robo ya ulichotamani. Shamba kubwa lililomezwa na magugu litakuwa shahidi mwingine dhidi yako. Mihogo ina huruma. Huvumilia udongo uliochoka, na wiki moja ya uzembe haiui shamba zima. Hukomaa baada ya mwaka au zaidi, kwa hiyo ukipanda umeweka miadi na mwaka ujao.

Fikra zikifika mahali pa kutaka kujiua, usingoje mvua wala mavuno. Mwambie mtu leo, mwende pamoja hospitalini; Kashikishi ipo ya misheni ya St. Paul's.

Kwenye fedha, usiwinde biashara ya kurudisha yote kwa mpigo. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa makundi kwenda kutaga, alivuliwa kupita kiasi hadi akaporomoka katikati ya karne ya 20. Baadaye watu waligeukia chisense, dagaa wadogo wavuliwao usiku kwa taa, na leo wengi wanaishi kwa hao. Nawe nunua kidogo, anika, uza kwa kikombe. Kisha ingia chilimba, mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, kwa kiasi ambacho hutakosa hata mwezi mbaya. Wakisita kukupokea kwa sababu wanakujua, omba zamu ya mwisho. Anayepokea mwisho hawezi kutoroka na fedha za wenzake, nao watakuwa wamekuona ukilipa mzunguko mzima.

Watoto ndio wagumu zaidi. Usiwapelekee hotuba ya kuomba radhi kwa miaka yote; inawabebesha kazi ya kukufariji. Mtumie kila mmoja ujumbe mfupi: niko mahali fulani, ni mzima, wewe na wajukuu hamjambo? Usiombe kitu. Asipojibu, tuma mwingine mwezi ujao, mfupi vilevile.