Nagona Husomwa kwa Penseli na Kifutio

Nagona ni kitabu chembamba, na wembamba wake ndio ulionidanganya. Nilipanda nacho basi stendi ya Babati kwenda Singida nikiamini nitakimaliza njiani. Tulipofika Katesh nilikuwa nimesharudi ukurasa wa kwanza mara tatu.

Kosa langu lilikuwa kutafuta kisa. Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, haina habari na swali la "kisha ikawaje?" Msimulizi anaingia katika mji uliojaa ukimya, anakutana na Ngoma Kuu na habari za mkombozi wa pili, ukimuuliza huu ni mwaka gani, hakujibu. Kwa hiyo weka kando mazoea ya shule, yale ya kuwinda dhamira na ujumbe ili ukajibu mtihani. Swali la kubeba ni moja: huyu amejuaje?

Chukua penseli. Pembeni mwa ukurasa andika J palipo na jambo analolijua mwenyewe, A aliloambiwa, N linalofanana na ndoto. Mimi nilianza na J nyingi kwa kujiamini, nikazifuta karibu zote kabla sura haijaisha. Usiudhike. Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1985, akipinga falsafa inayomweka anayejua upande huu na kinachojulikana upande ule, kana kwamba kuna ukuta kati yao. Riwaya inaubomoa ukuta huo huku wewe bado umeuegemea.

Hata hivyo kutojua yote hakukuzuii kuamua. Wavuvi wa Ziwa Babati hawasubiri kiboko atoke mzima majini. Masikio na pua vinatosha kuwaambia mtumbwi upite wapi. Basi soma sura moja kwa siku, kwa sauti, ikiwezekana na mwenzako mbishi. (Sauti inasaidia: mwandishi alikuwa mshairi, na sentensi zake fupi huingia sikioni kabla hazijaingia akilini.)

Mzingile, iliyofuata mwaka 1991, iache kwanza. Ukikwama kabisa, shika Kichwamaji ya 1974: Kazimoto anasumbuliwa na maswali jirani na haya, ila yeye ana jamaa, ana kijiji, ana Ukerewe, hivyo msomaji anapata pa kushika. Kisha rudi Nagona na penseli ileile. Beba na kifutio.