Darsa: Kuyachungua Makundi ya Dini kabla ya Kuyahukumu

Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wametuuliza: je, yafaa Mwislamu kuvisoma vitabu vya wataalamu wa vyuo vikuu vinavyoeleza makundi mapya ya dini, ilhali wengi wa waandishi wake si Waislamu, na baadhi yao hawana dini yoyote? Na lau yafaa, faida yake ni ipi?

Tutaanza jawabu kwa kosa letu wenyewe, kwani ndilo lililotufunza.

Mwezi wa Aprili mwaka 2023 serikali ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Maiti waliofukuliwa walipita 400, na ndani yao watoto wengi. Walikuwa wafuasi wa Paul Mackenzie, aliyekuwa mhubiri wa Malindi. Yeye alishtakiwa mahakamani akayakana mashtaka. Lakini yaliyosimuliwa na walionusurika ni kwamba watu walifundishwa kufunga hata kufa, ili wamkute Yesu kabla dunia haijesha. Nyinyi mlioko pwani mwayajua hayo kuliko sisi.

Katika siku hizo mji wetu wa Isiolo ulijaa maneno. Ikasemwa kwamba katika mtaa mmoja wako wanawake wakutanao usiku, hufukiza ubani, hupiga ngoma, huanguka wakasema kwa sauti zisizo zao, na kwamba mkubwa wao ni mama mmoja wa Kiborana auzaye maziwa ya ngamia sokoni. Mtu mmoja akatwambia, "Sheikh, hii ndiyo Shakahola yetu sisi." Nasi, Mwenyezi Mungu atughufirie, Ijumaa ile ile tukapanda mimbari tukalisema neno lilo hilo mbele ya watu, bila ya kumwendea mama yule wala kumtuma mtu kwake. Haikupita wiki, maziwa yake yakawa hayanunuliwi, na wanawe wawili wakazomewa chuoni hata wakaacha kuja kusoma.

Kijana mmoja wa darsa yetu, mwalimu wa skuli, ndiye aliyetujia baada ya Isha na makaratasi mkononi. Akasema kwa adabu, "Sheikh wangu, jambo hili limeandikwa, na limeandikwa zamani." Tukaona haya, kwani sisi tuliokaa Isiolo miaka mingi tulikuwa hatujui kwamba kuna mtu wa Ulaya aliyeketi na jirani zetu akawauliza yale ambayo sisi hatukuwauliza.

Wa kwanza ni Paul Baxter, Mwingereza aliyekaa na Waborana mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1966 aliuliza suali ambalo kila mlinganiaji angelipenda kulijua jawabu lake: kwa nini Waborana wa Isiolo waliukubali Uislamu, na ndugu zao wa Marsabit, wa lugha moja na nasaba moja, wengi wao wakaukataa? Wa pili ni Bi Gudrun Dahl wa Sweden, aliyeandika mwaka 1979 juu ya ufugaji wa Waborana wa Waso, yaani wale wakaao kandokando ya mto Ewaso Nyiro, kisha mwaka 1989 akaandika khasa juu ya hiyo ngoma ya wanawake, ambayo jina lake ni ayaana. Wa tatu ni Mario Aguilar, aliyekaa Garba Tulla, na mwaka 1995 akaeleza kwamba kuingia katika dini kubwa si njia ya upande mmoja tu. Watu huweza kuingia, kisha wakazirejea baadhi ya ada zao za kale, wakaziweka pamoja na sala.

Tulipoyasoma hayo tuliona kwamba karibu kila tulilolisema juu ya mimbari lilikuwa si kweli. Tulisema ni kundi jipya. Kumbe lina miaka mingi. Tulisema ni watu waliotoka katika Uislamu. Kumbe katika nyimbo zao humtaja sana Sheikh Hussein wa Bale, katika nchi ya Uhabeshi, ambaye kaburi lake huzuriwa na Waislamu wa Kioromo tangu zamani. Tulisema wana siri ya kuwaua watu. Kumbe wao wenyewe huiona kuwa ni tiba, aijiaye mtu mgonjwa au mwenye dhiki, kama zilivyo ngoma za pepo ambazo pwani hakuna asiyezijua. Na dhiki Waborana wa Waso wameiona. Katika vita vya shifta, baina ya mwaka 1963 na 1967, watu walikusanywa kambini na mifugo yao ikateketea. Mtu aliyekuwa na ngamia na ng'ombe akawa hana mbuzi. Atakaye kuijua ayaana bila ya kuijua khabari hiyo amesoma nusu ya waraka.

Asije mtu akafahamu kwamba tumeihalalisha. Rai yetu juu ya kupandisha pepo na kumlingana asiyekuwa Mwenyezi Mungu ni ile ile, na tutaendelea kuisomesha. Tusemalo ni kwamba khabari hutangulia na hukumu hufuata, nasi tulitanguliza hukumu. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat imetuamrisha tubainishe khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Tumeisomesha aya hiyo mara nyingi, na majuto tukayapata.

Wala elimu hii si ya wageni tu. Al-Shahrastani, katika karne ya 6 ya Hijra, aliandika al-Milal wal-Nihal, akashika sharti ya kuyaeleza maneno ya kila kundi kama wao wenyewe wayasemavyo, bila ya kuwapendelea wala kuwaonea. Kabla yake al-Biruni alijifunza lugha ya Kisanskrit ili azijue dini za Bara Hindi kutoka kwa wenyewe. Wataalamu wa leo wameongeza kukaa na watu, kuhesabu, na kulinganisha kundi na kundi.

Katika nchi yetu kazi hii ilianza mapema. Mwaka 1966 F. B. Welbourn na Bethwell Ogot walitoa kitabu juu ya makanisa mawili ya magharibi ya Kenya yaliyojitenga na wamisionari. Mwaka 1968 David Barrett, aliyekuwa Nairobi, alilinganisha makundi kama 6,000 ya Afrika nzima, akaona kwamba kupata watu Biblia kwa lugha zao ni moja katika sababu kubwa za kujitenga, kwani walisoma wenyewe wakaona tofauti baina ya kitabu na yale waliyoambiwa. Na yuko Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa. Serikali ya Kiingereza ilimtia hospitali ya wendawazimu Mathari, mwaka 1948 ikalipiga marufuku kundi lake na yeye ikamhamishia Lamu. Audrey Wipper alipoichungua khabari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1977 alikuta watu wenye kulalamikia ardhi na kudhulumiwa. Kumwita mtu mwendawazimu ni rahisi kuliko kumsikiliza daawa yake.

Na hili la wazimu lina ndugu yake, nalo ni kusema kwamba wafuasi wamepumbazwa akili. Bi Eileen Barker wa London aliwafuatia watu waliohudhuria mafunzo ya kundi la Mkorea Sun Myung Moon, akatoa kitabu mwaka 1984. Aliona kwamba katika kila 10 walioingia mafunzoni, kiasi cha 9 hawakujiunga. Basi lau kulikuwa na uchawi wa kupumbaza, ulikuwa uchawi dhaifu. Jambo hili latuhusu, kwani mzazi aambiwapo kwamba mwanawe amerogwa hukata tamaa, na ajuaye kwamba mwanawe alichagua kwa sababu fulani aweza kuitafuta sababu hiyo akazungumza naye.

Lakini hatuwasifu wataalamu hawa kwa kila jambo. Mwaka 1954, karibu na Chicago, mwanamke mmoja alitabiri gharika tarehe 21 Desemba. Leon Festinger na wenzake wakawatia watu ndani ya kundi lake kwa kujisingizia kuwa waumini, na mwaka 1956 wakaandika kwamba utabiri ukivunjika wafuasi huzidi kuhubiri badala ya kuacha. Sisi twaona kuingia nyumba ya mtu kwa uwongo ni tajassus, na natija yake pia yahitaji tahadhari, kwani wale wapelelezi nao walikuwa sehemu ya kundi walilolipeleleza. Na katika mwaka 1995, baada ya watu wa Aum Shinrikyo kutia sumu katika gari moshi za Tokyo, baadhi ya wataalamu wa Marekani walikwenda Japan, gharama zao zikilipwa na kundi lenyewe, wakalitetea. Haukupita muda ushahidi ukawaaibisha. Mwenye kuchungua dini za watu akila kwao, ushahidi wake huharibika kama wa kadhi aliyekula rushwa.

Faida kubwa ya elimu hii twaiona katika kulinganisha. Kanungu, nchini Uganda, wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliuza mali zao wakaitoa kwa kundi. Mwisho wa dunia walioutarajia kwisha kwa mwaka 1999 haukuja, na tarehe 17 Machi 2000 kanisa likateketea na mamia ya watu ndani yake. Shakahola nako watu walihama, watoto wakatolewa skuli, hospitali zikakatazwa. Ukiyaweka pamoja waona kwamba ajabu ya itikadi siyo iliyoua. Itikadi za ajabu ni nyingi na wenye nazo hulala majumbani mwao kwa salama. La kutazama ni kama mtu akitaka kutoka aachiliwa, kama mali yake i mkononi mwake, kama mamake na nduguze waweza kumzuru, kama mtoto akiugua apelekwa kwa tabibu, na kama yuko mmoja asemaye ambaye hapana awezaye kumrudi. Pindi siku ya mwisho ikitajwa kwa tarehe, khofu yazidi.

Na maswali hayo hatuyaulizi kwa wengine tu. Msikiti au chuo chetu kikimzuilia kijana kuonana na wazazi wake, au sheikh akawa hapingwi hata katika mambo ya dunia, tuulizwe sisi.

Ndugu wa Lamu watatuwia radhi tukiwakumbusha yao. Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935, alipoanza kuwasomesha watu wanyonge na kusoma maulidi kwa matari, wakubwa wengi wa mji walimpinga na kumwona ni mwenye kuleta jambo jipya. Khabari hiyo imechunguzwa na Abdul Hamid el-Zein katika kitabu kilichotoka mwaka 1974. Tunayo yetu ya kusema juu ya matari, na hapa si pahali pake. Ila kijana asomaye kitabu hicho huona jinsi watu wa mji mmoja walivyogawanyika kwa nasaba na daraja huku ndimi zao zikitaja dini, nasi tuitwao Mawahabi kila tufunguapo kinywa haifai tuone ajabu kwamba majina hutangulia khabari.

Tulikwenda kwa mama yule, sisi na mwalimu wetu. Tukamwuliza yale maswali. Hakuna mali aliyoichukua kwa mtu. Mwanamke atakaye kuacha huacha. Na binti yake alipopata homa ya mapafu alimpeleka hospitali ya Isiolo. Tukamwambia rai yetu juu ya ayaana, akatusikiliza, naye akatwambia yake: kwamba mumewe alipokufa hapana aliyemwendea illa wanawake hao. Hatukuwa na jawabu. Ijumaa iliyofuata tulipanda mimbari ile ile tukasema tulikosea katika khabari, na tukamtaka radhi mbele ya watu. Baadhi ya jamaa walichukizwa nasi na wangali wamechukizwa. Watoto wamerudi chuoni, mmoja wao yuko juzuu ya Amma. Maziwa tunayanunua kwake.

Darsa ijayo, inshallah, tutasoma ile makala ya Bi Dahl kwa tafsiri ya mwalimu wetu, baada ya Isha. Mama amesema atakuja mwenyewe, akae upande wa wanawake, apate kusahihisha.