Sheria za Kuwinda na Kuvua kwa Mkulima Aliye Kando ya Mbuga

Ndugu mkulima, ikiwa shamba lako liko Timau, Makima, Murera, au mahali popote penye mbuga au msitu karibu, somo la mwezi huu lakuhusu wewe na watu wa nyumba yako. Katika ofisi ya kilimo wakulima hutuuliza mara kwa mara maswali mawili. La kwanza ni hili: "Mnyama ameingia shambani kwangu akala chakula changu. Kwa nini nami nisimle yeye?" La pili ni hili: "Samaki wa mtoni waliwekwa na Mungu. Kwa nini niombe ruhusa kuwavua?" Maswali hayo si ya kipumbavu, nayo yataka jibu lililo wazi.

Jibu kwa ufupi ni hili. Mnyama wa mwitu si mali yako, hata akisimama katikati ya mahindi yako. Lakini hasara anayokutia ina njia yake ya kudaiwa. Mkulima anayetega waya huiacha njia ya kudai na kuishika njia ya kushtakiwa, na mwisho wake hupoteza mahindi na pesa pamoja.

1. JUA ARDHI UNAYOIKANYAGA

Si kila ardhi iliyohifadhiwa ina sheria moja. Yakupasa ujue tofauti zake.

Mbuga ya taifa ndiyo yenye sheria kali kupita zote. Mbuga ya Meru ilikuwa kwanza hifadhi ya halmashauri ya Meru, ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1966. Ukubwa wake ni kama kilomita mraba 870. Mbuga ya Mlima Kenya ilitangazwa mwaka 1949. Humo hairuhusiwi kuwinda, kulisha ng'ombe, kulima, kukata miti wala kukaa. Hata kuingia tu bila ruhusa ni kosa.

Hifadhi ya taifa ni kama ile ya Mwea katika nchi ya Mbeere, mahali mto Thiba unapokutana na Tana. Hiyo ilitangazwa mwaka 1976. Hifadhi ya Bisanadi nayo imepakana na Mbuga ya Meru. Katika hifadhi serikali ya kaunti ina sehemu yake, lakini kuwinda ni marufuku vilevile.

Msitu wa serikali, kama ule wa Imenti au ule unaouzunguka Mlima Kenya, una askari wake wa misitu. Kibali cha kuokota kuni au kulisha mifugo msituni si kibali cha kuwinda. Ukikutwa na paa katika mzigo wako wa kuni, kibali hicho hakitakuokoa.

Mwisho ni shamba lako mwenyewe. Hapa wengi hukosea. Hati ya shamba yakupa ardhi, miti uliyopanda na mazao yako. Haikupi swara aliyeruka ua jana usiku.

2. SHERIA YA KUWINDA

Wazee wetu hukumbuka kwamba zamani za ukoloni mgeni mwenye pesa alinunua leseni, akapiga ndovu na chui, akaitwa mwindaji hodari. Mtu wa hapa aliyetoka na upinde wake aliitwa jangili, akafungwa. Uchungu wa mambo hayo haujaisha katika nyumba nyingi, wala si ajabu. Lakini mwezi wa Mei mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji huo wa leseni, na mwaka 1978 ikakataza biashara ya pembe, ngozi na vitu vingine vya wanyama wa mwitu. Tangu hapo tajiri aliyetoka ng'ambo na mkulima wa skimu wote wawili hukatazwa.

Sheria iliyofuata ni ile ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Ilipopitishwa, mtu aliyewinda kwa ajili ya kitoweo tu aliwekewa faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au yote mawili. Mwenye kuua mnyama aliye katika hatari ya kwisha, kama kifaru au ndovu, aliwekewa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Adhabu hizi hurekebishwa mara kwa mara, basi usizihesabu kama bei ya sokoni. Jambo la kukumbuka ni kwamba hata paa mmoja wa mchuzi aweza kukugharimu zaidi ya mavuno ya msimu mzima.

Tena fahamu kwamba kuwinda si kupiga mshale tu. Kutega tanzi la waya ni kuwinda, hata kama hakuna kilichonaswa. Kuchimba shimo la mtego ni kuwinda. Kupeleka mbwa wakamate ni kuwinda. Kununua nyama ya porini kwa jirani ni kosa pia, hata kama hukutega wewe. Na ukikuta pembe, ngozi au mzoga, usichukue kitu nyumbani. Toa habari bila kukawia kwa chifu, polisi, au ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS.

3. HASARA YA WAYA NA SUMU

Tuache mahakama kwanza, tuseme habari za shamba. Waya haujui tofauti ya swara na ndama. Mbuzi wako, mbwa wako, au mtoto aliyetumwa kuni aweza kunaswa. Mnyama mkubwa aliyejeruhiwa na waya, kama nyati, huwa mkali kupita kiasi, na atakayekutana naye asubuhi si lazima awe yule aliyetega.

Wengine hukata waya wa ua la umeme ili watengeneze mitego. Fikiri vema. Ua la Mlima Kenya lilianza kujengwa mwaka 2012 ili ndovu wasishuke mashambani. Mwenye kukata waya mmoja huwafungulia ndovu mlango, nao hawatauliza ni nani aliyeufungua. Watakula viazi vya kijiji kizima.

Sumu ni mbaya zaidi. Mtu akitia dawa ya wadudu katika mzoga ili amuue fisi au simba, tai hufa, mbwa hufa, na mvua ikinyesha sumu hushuka mtoni ambako ng'ombe na watoto hunywa.

Nyama ya porini nayo haikupimwa na daktari wa mifugo. Ugonjwa wa kimeta huua nyati na pundamilia kama uuavyo ng'ombe. Mwaka 2015 uliua nyati wengi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mtu akichuna mnyama mwenye kimeta, au akila nyama yake, aweza kufa.

Watu wa Meru tumekwisha kuona mahali ujangili unapofikisha nchi. Mwaka 1988 majangili waliingia Mbuga ya Meru wakawaua faru weupe watano waliokuwa wakilindwa na askari. Watalii wakaacha kuja, na kazi zikapungua. KWS ilianzishwa mwaka uliofuata, 1989, lakini ilichukua miaka mingi kuirudisha mbuga katika hali yake, hata ndovu ikabidi waletwe kutoka Laikipia.

4. SHERIA YA KUVUA

Maji yaliyo ndani ya mbuga ni sehemu ya mbuga. Usitupe ndoana wala wavu humo bila kibali cha wenye kuitunza. Katika mito ya baridi itokayo Mlima Kenya, kama Thiba, kuna samaki aitwaye trauti, ambaye Wazungu walimleta nchini zamani za ukoloni. Huyu huvuliwa kwa leseni, wala mtu hapaswi kumvua kwa wavu au sumu.

Kwa watu wa Mbeere kazi kubwa ya uvuvi iko katika mabwawa ya mto Tana: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Humo mna tilapia na kambare. Mabwawa haya yaruhusu kuvua, lakini kwa utaratibu huu:

(a) Chukua leseni kwa ofisi ya uvuvi, na ujiandikishe katika kikundi cha wavuvi wa ufuo wako, kiitwacho BMU.

(b) Usitumie sumu, baruti wala umeme. Hivi huua wakubwa na wadogo pamoja, na mwaka ujao utavuna maji matupu.

(c) Usitumie wavu wa nailoni wa uzi mmoja, wala wavu wenye macho madogo. Samaki mchanga unayemla leo ndiye mama wa samaki wa kesho.

(d) Bwawa la Kamburu lapakana na Hifadhi ya Mwea. Leseni ya kuvua katika bwawa haikuruhusu kushuka upande wa hifadhi, kuwasha moto wala kukausha samaki huko.

(e) Usivue usiku ukiwa umesimama majini. Kiboko hutoka usiku kula majani, na mtu akisimama katika njia yake ya kurudi majini yumo hatarini. Mamba naye huvizia pale watu wanapozoea kuteka maji. Badilisha mahali pa kuteka, na tumia ndoo yenye kamba ndefu.

Ikiwa nyumbani mna njaa ya kitoweo, iko njia nyingine. Tangu mwaka 2009 serikali ilisaidia wakulima wengi wa Kenya kuchimba vidimbwi vya samaki vya mita mraba 300. Kidimbwi kama hicho chaweza kuchimbwa katika shamba lako mwenyewe. Muulize Bwana Shamba kama udongo wako wafaa.

5. MNYAMA AKIKUTIA HASARA

Hapa ndipo penye faida yako, basi soma polepole.

Kwanza, usimkaribie mnyama. Piga kelele ukiwa mbali, na utoe habari kwa KWS au kwa chifu siku ileile.

Pili, acha shamba kama lilivyo. Usilime tena, wala usivune mabaki, mpaka wakaguzi wafike. Nyayo, kinyesi na mimea iliyokanyagwa ndio mashahidi wako.

Tatu, andika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, saa, aina ya mnyama, zao lililoliwa, ukubwa wa sehemu iliyoharibiwa, na majina ya majirani wawili walioona.

Nne, chukua fomu ya madai katika ofisi ya KWS. Bwana Shamba atapima hasara ya mazao. Mtu akiumizwa au kufa, hati za hospitali na za polisi lazima ziwemo. Madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia wanyamapori na fidia. Sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa kilema cha kudumu, na mpaka milioni 2 kwa majeraha mengine. Mazao hulipwa kwa bei ya soko ya wakati huo.

Tano, tunza nakala ya kila karatasi. Malipo yamewahi kukawia miaka mingi, na asiye na nakala hana la kufuatia.

Yako mambo mawili ambayo wengi hawayajui. Si kila mnyama yumo katika orodha ya fidia. Ndovu, nyati, kiboko, simba, chui, fisi na mamba waliwekwa; nyani na tumbili hawakuwekwa. Tena sheria yasema kwamba asiyefanya juhudi ya kutosha kulinda shamba lake hatalipwa. Kwa hiyo ua, kibanda cha kulinda na mlinzi si kazi ya bure hata kama ndovu ameshinda, maana ndivyo vinavyothibitisha madai yako.

6. KINGA ILIYO BORA

Paka kamba za ua pilipili kali iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta machafu ya gari, kwani ndovu hachukui harufu hiyo. Ikiwa kwenu mwafuga nyuki, kama wafanyavyo Tharaka na Mbeere tangu zamani, tundikeni mizinga kuzunguka shamba, mmoja kila baada ya mita 10, na kuiunganisha kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Jambo hili limejaribiwa Sagalla karibu na Voi, na ndovu wengi wamegeuka nyuma. Mkulima hupata na asali.

Na kabla ya kuongeza shamba, uliza njia ya ndovu iko wapi. Kutoka Mlima Kenya mpaka msitu wa Ngare Ndare wameachiwa ushoroba wa kilomita 14 hivi, wenye njia chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru, nao wameipita tangu mwaka 2011. Mahindi yaliyopandwa katika njia ya ndovu hupandiwa ndovu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA PAMOJA

1. Jirani yako ametega waya katika mpaka wa shamba lako. Utamwambia nini, na ni nani atakayepata hasara kwanza?

2. Ndovu wamekula nusu ekari ya ndengu usiku wa leo. Taja mambo matano utakayofanya kabla ya jua kutua.

3. Kwa nini leseni ya kuvua katika bwawa la Kamburu haitoshi kukuingiza Hifadhi ya Mwea?

4. Je, shamba lako lina kinga gani ambayo mkaguzi akija kesho utaweza kumwonyesha?

Swali la nne usilijibu kwa mdomo. Lijibu kwa jembe na panga, kabla mahindi hayajatoa mbelewele.