Lotus 72: gari lililoshinda dunia, na mikaba ambayo haikufungwa



Mara hii hatutasema juu ya vumbi wala juu ya kuchemsha maji. Tutasema juu ya gari la mbio. Msicheke. Gari hilo lilikuwa na freni, lilikuwa na mikaba, lilikuwa na mafundi wa kulikaza usiku na shofere wa kulipanda asubuhi. Kwa hiyo ni jambo letu.

Jina lake ni Lotus 72. Lilitengenezwa Uingereza na Colin Chapman, mwenye kompani ya Lotus, pamoja na mchoraji wa mashini Maurice Philippe. Lilikuwa gari la kiti kimoja, magurudumu yote nje, la mashindano ya dunia ya Formula 1. Motere yake ilikuwa Ford Cosworth ya silinda nane na litre tatu, yenye nguvu za farasi 430 hivi. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 530 hivi tu. Nguvu nyingi namna hiyo, na gari jepesi kuliko gari dogo la familia!

Lakini motere hiyo hata wengine waliinunua. Werevu wa Chapman ulikuwa mahali pengine. Magari ya mbio ya miaka ile yalikuwa ya mviringo kama sigara kubwa, radiatere puani. Chapman aliondoa radiatere mbele, akaweka mbili ubavuni, moja kuume na moja kushoto. Pua ikawa nyembamba na bapa, kama kabari ya kupasulia mti. Upepo ukapita bila kuzuiwa sana, tena ukaligandamiza gari barabarani. Badala ya resori zilizozungushwa, akatia vyuma virefu vinavyojinyonga na kurudi.

Sasa tufike kwenye freni, na hapa naomba msome polepole. Katika magari karibu yote, freni imekaa ndani ya gurudumu. Gurudumu linakuwa zito, na likipita juu ya tuta linaruka, linachelewa kurudi chini. Gurudumu lililo hewani halishiki barabara. Chapman akatoa freni kwenye magurudumu, akaziweka katikati ya gari, hata zile za mbele. Magurudumu yakawa mepesi, yakashika njia vizuri. Moto wa freni ukakaa mbali na mipira, basi wakaweza kutumia mipira laini zaidi.

Faida ni kubwa. Lakini kila fundi atauliza: freni iliyo katikati inasimamisha gurudumu namna gani? Kwa mhimili wa chuma unaotoka kwenye freni mpaka kwenye gurudumu. Nguvu yote ya kusimamisha inapita katika mhimili huo. Ukivunjika, gurudumu hilo halina freni tena, na mwenzake wa upande wa pili analivuta gari kwake.

Lotus 72 ilianza mbio kule Jarama, Hispania, mwezi wa 4 mwaka 1970, na mwanzo haukuwa mzuri. Chapman alikuwa amepanga vyuma vya magurudumu ili pua isiiname wakati wa kufunga freni. Mashofere walilalamika kwamba hawasikii tena gari linafanya nini chini yao. Mafundi wakabomoa, wakapanga upya. Huo ni mfano wa kusifiwa: shofere alisema, na aliye ofisini akasikia. Si kila mahali inakuwa hivyo.

Shofere mkubwa wa Lotus aliitwa Jochen Rindt. Alizaliwa Mainz, Ujerumani, mwaka 1942. Wazazi wake walikufa kwa mabomu ya vita, akalelewa na nenekulu zake kule Graz, Austria. Gari lilipokwisha kutengenezwa upya, alishinda mara nne mfululizo: Uholanzi, Ufaransa, Uingereza na Ujerumani. Lakini siku ile ya Uholanzi, tarehe 21 mwezi wa 6, rafiki yake Piers Courage alipata aksida katika mbio zile zile, gari lake likawaka moto, akafa. Rindt alipokea kombe akiwa na machozi.

Moto ulikuwa hofu ya mashofere wote wa wakati ule, na haikuwa hofu ya bure. Mwaka 1966, kule Spa katika Ubelgiji, Jackie Stewart alinaswa ndani ya gari lililobomoka, esanse ikimwagika juu ya mwili wake, na ufunguo wa kufungulia usukani ukabidi kuazimwa kwa mtazamaji mmoja. Tangu siku ile Stewart alibeba ufunguo wake mwenyewe ndani ya gari, tena akapigania mikaba, vizuizi vizuri na waganga karibu na njia.

Rindt alikuwa na hofu ile ile, ila alichagua dawa nyingine. Mikaba ya gari lake ilikuwa ya kupita mabegani, kiunoni na katikati ya mapaja. Ile ya mapajani hakuifunga. Alitaka, moto ukitokea, aweze kutoka upesi.

Siku ya posho, tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 1970, walikuwa wakijaribu magari kule Monza, Italia. Monza ni njia ya mwendo mkali sana. Ili kuongeza mwendo, Rindt aliondoa mabawa ya gari, yale yanayoligandamiza chini. Mwenzake John Miles alikuwa amelalamika kwamba bila mabawa gari haliendi sawa. Rindt alipofika kwenye kona ya Parabolica na kufunga freni, gari likakata kushoto, likaenda kugonga kizuizi cha chuma. Uchunguzi wa Italia ulisema kwamba mhimili wa freni ya mbele upande wa kuume ulivunjika, na kwamba kizuizi hakikusimikwa vizuri. Pua ile ya kabari iliingia chini ya vyuma, ikagonga nguzo. Sehemu ya mbele ya gari ikang'oka.

Mikaba ilifanya nini? Nieleze kama mtu anayetunza majeraha. Gari likisimama ghafula, mwili wako hausimami nalo. Unakwenda mbele kwa mwendo ule ule, na lazima kitu kiupokee. Katika sehemu ya chini ya mwili, kitu chenye nguvu ni mfupa wa nyonga. Mkaba wa kiunoni kazi yake ni kuushika mfupa huo. Ukipanda juu ya tumbo, anayepokea si mfupa tena, ni utumbo, ini na bandama. Shofere wa gari la mbio amekaa karibu kulala, basi ni rahisi miguu kuteleza mbele na mwili kupita chini ya mkaba. Mikaba ya mapajani ndiyo inayozuia. Rindt hakuwa nayo. Mwili ulishuka, na chuma cha kufungia mikaba kikamkata shingo. Alitangazwa kuwa amekufa wakati wakimpeleka lopitali ya Milano. Alikuwa na miaka 28. Moto haukuwaka.

Mashofere wa makamyo, hapa nawatazama ninyi. Nimesikia neno hili mara nyingi sana: "Nikijifunga, kamyo ikipinduka nitaruka namna gani?" Anayeruka, au anayetupwa nje, mara nyingi kamyo yenyewe inamlalia. Tena kufunga nusu si kufunga: mkaba wa begani uliopitishwa chini ya kwapa utavunja mbavu. Na mama mwenye mimba, akipanda gari, apitishe mkaba wa chini kwenye nyonga, chini ya tumbo, asiuweke juu ya mtoto.

Turudi kwenye mashindano. Rindt alikuwa amekwisha kupata pointi 45. Mbio zilizobaki zilikuwa tatu baada ya ile ya Monza, na Jacky Ickx wa Ferrari, Mbelgiji, alikuwa akimfuata. Mwezi wa 10, kule Watkins Glen katika Marekani, Lotus 72 nyingine ilishinda. Iliendeshwa na kijana wa Brazil, Emerson Fittipaldi, aliyekuwa katika mbio zake za nne tu za Formula 1. Ickx alifika wa nne. Mwisho wa mwaka alikuwa na pointi 40. Hivyo Rindt akawa bingwa wa dunia akiwa kaburini. Ni yeye peke yake katika historia ya Formula 1. Kombe lilipokelewa mjini Paris, mwezi wa 11, na mjane wake Nina. Aliyemkabidhi ni Jackie Stewart.

Mwaka 1971 gari halikushinda hata mara moja. Mwaka 1972, likiwa limepakwa rangi nyeusi na dhahabu, Fittipaldi alishinda mara tano, akawa bingwa akiwa na miaka 25. Mwaka 1973 yeye na Ronnie Peterson walishinda mara saba wote pamoja, Lotus ikachukua tena kombe la watengenezaji. Mwaka 1974 gari jipya lililotazamiwa kuchukua nafasi yake lilishindwa, wakarudi kwa hili la zamani, na Peterson akashinda nalo Monaco, Ufaransa, na Monza yenyewe. Lilipumzishwa mwisho wa mwaka 1975, baada ya miaka sita na ushindi 20.

Na ile mikaba? Tangu mwaka 1972 sheria ya Formula 1 ilimlazimisha kila shofere kuwa na mikaba sita, ile ya mapajani pamoja.