JINAMIZI NA MARADHI MENGINE YA USINGIZI

Usingizi ni neema, na katika Sura An-Nabaa umetajwa kuwa ni mapumziko. Mtu mzima huhitaji kulala muda wa saa 7 au zaidi kila usiku. Apunguzaye haki hiyo siku baada ya siku, mwili humdai: kichwa huwa kizito, hasira huwa karibu, na kumbukumbu hupungua. Tena yako maradhi yamjiayo mtu usingizini, na wengi hawajui sababu zake. Yajulikane basi haya matatu.

LA KWANZA: JINAMIZI. Mtu huamka usiku, macho yamefunguka, na sauti za nyumbani azisikia, lakini hawezi kuinua kidole wala kuita. Huhisi kifua kimekaliwa na kitu kizito, na pengine huona kivuli kimesimama mlangoni. Baada ya muda mchache humwondoka. Kesho yake huenda kwa mganga, akatoa fedha. Na akitajiwa jirani au mke wa ndugu yake kuwa ndiye mrogi, undugu huvunjika.

Sababu yake ni hii. Mwaka 1953 Aserinsky na Kleitman wa Chicago walieleza namna ya usingizi ambayo ndani yake macho hutembea upesi chini ya kope, na ndiyo yenye ndoto nyingi. Katika usingizi huo viungo hulegezwa visitende yaotwayo; lau si hivyo, aotaye kuwa akimbia angeliinuka akakimbia. Mara nyingine akili huamka kabla ya viungo kufunguliwa, na mabaki ya ndoto huchanganyika na yaonwayo kwa macho. Hilo ndilo jinamizi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliita kabusi, akaliweka katika Al-Qanun miongoni mwa maradhi ya kichwa.

Akiuliza mtu: Je, huku si kukanusha majini? Jawabu: La. Kuamini kuwa majini wapo ni jambo moja, na kumtuhumu jirani bila ya ushahidi ni jambo jingine. Dhana si hoja.

Dawa yake ni kulala kwa kutosha na kwa wakati mmoja kila usiku, na kulala kwa ubavu, kwani jinamizi humjia zaidi alalaye chali. Na kulala kwa ubavu wa kulia ni suna ijulikanayo. Likizidi, na mtu akawa hushikwa na usingizi wa ghafula mchana, amwendee daktari.

LA PILI: KUKOROMA. Si kila akoromaye ni mgonjwa. Lakini yuko ambaye koo lake huziba usingizini, pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha akashtuka kwa kishindo; na hayo hurudi mara nyingi usiku mmoja. Mwenyewe hana habari. Shahidi ni mkewe, naye asipuuzwe. Mtu huyo hulala muda mrefu na asipumzike. Husinzia kwenye khutuba, na msiba mkubwa ni kusinzia akiendesha gari lenye roho za watu. Tena maradhi haya hufuatana na presha ya damu. Anene apunguze uzito, asilale chali, na aende hospitali. Iko mashine ipulizayo hewa puani ili koo lisizibe.

LA TATU: KUKOSA USINGIZI. Kahawa ya barazani, baada ya muda wa saa 5 hivi, nguvu yake nusu ingali mwilini. Miraa nayo hufukuza usingizi, na mwanga wa simu huuchelewesha. Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo baada ya Isha, na katika hayo mna afya. Kailula nayo ni njema, ila isipite nusu saa wala isicheleweshwe hadi jioni. Na usingizi ukikosekana miezi 3, daktari aulizwe.

Mwenye akili huuliza kwanza mwili wake, kabla ya kumshitaki jirani yake. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuafikia.